Loserian, Msikilizaji wa Majukwaa

Leo Jumanne, tarehe 30 Septemba 1913, Loserian anaacha kazi baada ya kuitumikia karakana yetu ya kando ya mto Themi, hapa Arusha, kwa miaka kumi na mitatu. Aliingia mwaka 1900 akiwa na nguzo begani, na anatoka akiwa mkaguzi wa majukwaa, yaani ile miti tunayoifunga kandokando ya ukuta ili mafundi wasimame wakijenga na kuezeka. Kwa miaka yote hiyo, ukitoa miwili ya mwanzo, hakuna aliyepanda jukwaa letu asubuhi kabla Loserian hajapita chini yake na fimbo yake. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa mimi, Sefu bin Mikidadi, seremala mkuu, ndiye mwandishi wa barua ya karakana inayobandikwa mlangoni kila mwezi. Iko sababu ya pili ambayo wenzangu hawakuitaja ila wote wanaijua. Kwa miaka kumi Loserian alinikatalia nisikanyage paa, na wanataka kuona kama nitathubutu kulisema hilo kwa kalamu yangu mwenyewe. Haya, nitathubutu.

Loserian ni Mwarusha wa juu ya Ngaramtoni, mtu wa ng'ombe, mahindi na migomba. Umri wake hatuujui. Ukimwuliza hukujibu kwamba sotoka ilipomaliza ng'ombe wa nchi hii alikuwa ameshaoa, basi piga hesabu mwenyewe. Ni mrefu, mkavu, ana ndewe pana, yale matundu ya masikio yaliyotanuliwa, ambazo watani wake husema ndizo zinazomfanya asikie mambo yasiyosikika. Maneno yake ni machache, na Kiswahili chake alikiokota kazini, kipande huku, kipande kule, mpaka akawa anacho cha kumtosha kunikatalia.

Siku ya kwanza nilipokutana naye nilimwamkia shikamoo, kama nilivyofundishwa kwetu Pangani kumwamkia aliyenizidi umri. Hakuitika marahaba. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja chake juu ya kofia yangu, akakiacha hapo kidogo kama wafanyavyo wazee wa Kiarusha kwa watoto wao. Kofia ilikuwa nyeupe, imetoka kufuliwa. Kiganja kilikuwa na utomvu wa mti. Karakana nzima ilicheka, nami nilikasirika siku nzima, maana nilikuwa fundi mwenye mke na jina.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo bila hilo kazi ya Loserian haielezeki.

Zamani hizo tulifunga majukwaa kwa kamba za makumbi ya nazi zilizoletwa kutoka pwani. Mwaka 1902 wapagazi walichelewa, kamba zikatuishia, na huku tuna nyumba ya mlowezi mmoja karibu na Ngaramtoni imesimama kuta tupu. Watu wa hapa wakatuonyesha njia yao. Wanakata ngozi ya ng'ombe nyembamba, wanailoweka, wanaifunga ingali mbichi, kisha wanaliachia jua. Ngozi ikikauka hukaza mpaka mti wenyewe hulia. Mimi niliona nimepata kamba bora kuliko zote nilizowahi kushika. Alasiri nilizunguka jukwaa lote, nikavuta kila fundo, nikalipiga teke, nikaning'inia mzimamzima. Halikutikisika hata kidogo. Nikafungua daftari nikaandika neno moja: imara.

Loserian, mchukuzi wa nguzo wakati huo, alisimama karibu akanitazama. Akaniambia ngozi saa hiyo imelala, nije niiulize asubuhi. Nilicheka. Nilimwuliza mbele ya watu tangu lini mchunga ng'ombe akamfundisha seremala kazi. Alichukua nguzo nyingine akaenda zake.

Wenyeji wa hapa mnajua asubuhi za Julai. Ukungu hushuka kutoka mlima Meru bila sauti, unapita juu ya migomba, unaingia uani, unakaa. Usiku kucha ngozi zile zilikuwa zinaunywa ukungu huo na kulegea. Simel, kijana wetu wa kuezeka, mwepesi kuliko wote, alipanda wa kwanza huku anapiga mluzi. Loserian alikuwa amekaa kando, amekataa kupanda, na wenzake wanamcheka kwa woga wake. Mimi nilikuwa chini nachonga penseli. Mluzi ulikatika katikati. Nilipoinua macho sikuona jukwaa wala Simel, niliona ukungu tu, na ndani yake nikasikia miti inaanguka mmoja baada ya mwingine.

Simel alivunjika mguu mahali pawili. Alipona, lakini anachechemea hadi leo na hajapanda tena. Yeye amenisamehe, na hunitania kwamba nilimpunguzia safari za juu. Mimi sikujisamehe. Niliona haya, na haya hiyo ninayo hadi leo ninapoandika.

Siku ileile, Simel alipokwisha kufungwa vibanzi, Loserian alichukua fimbo yake ya kuchungia, ya mzeituni wa porini, akaenda kwenye sehemu ya jukwaa iliyobaki. Akagonga fundo moja. Likasema ko. Akagonga jingine. Likasema pu. Akanitazama. Akagonga tena yote mawili, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. Fundo kavu linasema ko, fundo lililolegea linasema pu, na saa ya kuyauliza ni asubuhi kabla jua halijatoka, maana alasiri yote husema ko. Basi. Somo zima ndilo hilo, na tangu siku ile halijaongezewa wala kupunguzwa.

Bwana Mkubwa mwenye karakana akataka utaratibu uandikwe. Ukaandikwa, lakini utaratibu wenyewe ulikuwa Loserian. Kila alfajiri alifika kabla yetu. Ukipita njia ya mtoni ulimsikia kabla ya kumwona, ko, ko, ko, ndani ya ukungu, kama mtu anabisha hodi kwenye nyumba zisizo na milango. Pakitokea pu, husimama. Hufunga upya kwa mikono yake, hamgombezi mtu. Mafundi walizoea kukaa kimya wakinywa uji mpaka wasikie ko ya mwisho. Wengine wanasema hata siku za mapumziko, wakiwa vitandani mwao, huisikia.

Baada ya mwaka mmoja aliongeza jambo la pili. Alisema jukwaa zuri peke yake halitoshi, aliye juu naye lazima akaguliwe. Kila mwanzo wa baridi alimpima kila anayetaka kufanya kazi ya paa, na aliyefaulu alimfunga ukanda mwembamba wa ngozi mkononi. Ukanda ulidumu mwaka mmoja, kisha unapimwa tena. Bila ukanda hupandi, uwe nani.

Kipimo kilikuwa na hatua tatu. Kwanza unatembea juu ya boriti iliyolazwa chini, umeshika kibuyu kimejaa maziwa hadi mdomoni. Yakimwagika tone, rudi mwakani. Pili unafunga fundo la ngozi umefumba macho. Tatu anakupeleka chini ya jukwaa wakati wa ukungu, anakuambia utazame juu, halafu anakuuliza swali moja: unaogopa?

Anayesema haogopi hapewi ukanda.

Mtadhani hiyo ni rahisi, kwa kuwa baada ya mwaka wa kwanza kila mtu alilijua jibu. Lakini Loserian hakusikiliza jibu, alitazama uso. Wapo waliosema naogopa kama wanavyoomba tumbaku, akawarudisha. Bwana Mkubwa naye alitaka kupanda akague mabati yake. Kibuyu alikipitisha vizuri, fundo alilifunga, kisha akaulizwa. Akajibu kwa sauti ya kutosha kusikika Ngarenaro kwamba haogopi kitu. Loserian alimshukuru kwa heshima zote na kuondoa ngazi. Lo! Bwana aligeuka rangi, akaingia ofisini, na sisi tukawa tunangoja radi. Alitoka na darubini. Tangu siku ile hukagua mapaa yetu kwa darubini, amekaa kwenye kiti, na nadhani moyoni anafurahi.

Na mimi je? Boriti niliiweza. Fundo nililiweza. Swali ndilo lililonishinda, mwaka baada ya mwaka, mara kumi nzima. Kila mara Simel alikuwa pale, ameegemea ukuta na mguu wake, na mimi nikitazama juu namwona anaanguka. Kusema naogopa kulikuwa kusema yote: lile teke, lile neno daftarini, ile kejeli mbele ya watu. Nilisema siogopi. Mwaka 1908 nilijikaza nikasema naogopa, ila niliisema kwa mbwembwe na mkono kifuani, na Loserian alicheka hadi akashika nguzo asianguke. Sijawahi kumwona akicheka vile tena.

Kwa hiyo seremala mkuu wa karakana hii alichonga boriti chini, akazitia alama, wenzake wakazipandisha. Niliyapima mapaa yote haya kwa bikari na sikuyaona hata moja kutoka juu. Waliokuwa huko walinisimulia. Walisema asubuhi njema ukipanda unatoka juu ya ukungu, kichwa kwanza, kisha mabega, na Arusha yote haipo tena. Kuna weupe tu umetandikwa, na mlima Meru umesimama peke yake, karibu mno, na upande wa mashariki theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inang'aa angani bila kitu chini yake. Walisema watu huacha kuongea wakifika hapo. Nilikuwa nawaambia wanatia chumvi. Kisha nikirudi nyumbani nililiota lile jambo.

Majukwaa aliyoyapitisha Loserian ni mengi kuliko kurasa nilizopewa: maghala, makanisa, maduka ya mjini, nyumba za mashamba hadi Kikatiti. Tumehama kutoka nyasi tukaenda kwenye vigae, tukaenda kwenye mabati, na siku hizi mabati yanafika Moshi kwa gari la moshi na kutufikia kwa mikokoteni. Kamba za makumbi zilirudi zamani, lakini mafundi wenyewe waliomba tubaki na ngozi, kwa kuwa ngozi husema na makumbi hayasemi. Tangu alipoanza kugonga hakuna mtu mwingine aliyeanguka. Miaka kumi na mmoja. Someni tena hapo.

Mwaka huu, kuanzia masika, Nalepo, mkewe, alianza kulalamika kwamba mumewe amekuwa jeuri uzeeni. Anamwita kutoka migombani haitiki. Tulicheka sote. Loserian naye alicheka, akichelewa kidogo kuliko wengine. Simel ndiye hakucheka. Alinivuta kando akaniambia kuwa asubuhi mbili mfululizo amesikia pu, na fimbo ya Loserian ikapita bila kusimama.

Mwanzo wa Julai vipimo vilifika. Kwa kanuni yake mwenyewe Loserian hupimwa kama wengine, na kwa kuwa daftari ni langu, mpimaji wake ni mimi. Tukasimamisha jukwaa la mafundo ishirini. Jioni Simel alilimwagia maji fundo la sita, akalifunika kwa gunia bichi lisikauke. Mimi nilijua, yeye alijua, mwingine hakujua. Nilikuwa naomba kwa moyo wote alisikie. Ukanda ule mkononi mwake ulikuwa jina lake. Ukiondoka, mzee huyu ataamka alfajiri aende wapi?

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na gunia Simel alikuwa ameshaliondoa. Karakana yote ilisimama, na Bwana Mkubwa na darubini yake shingoni. Loserian akaanza. Ko. Ko. Ko. Ko. Ko. Akafika la sita akagonga, na fundo likasema pu, wazi kabisa, hata waliokuwa mlangoni wakalisikia. Fimbo ikapita. Ko, kwenye la saba. Akaenda mpaka la ishirini, akageuka, akanitazama, akangoja niandike.

Bwana Mkubwa alinipa ishara ya kichwa kwamba niandike anafaa, tuna ghala la kuezeka. Nilishika penseli. Nikiandika anafaa, nitampa mwaka mmoja wa furaha, na asubuhi moja mluzi wa mtu utakatika tena ndani ya ukungu. Nisipoandika, nitamvua mzee huyu ngozi yake mbele ya watu, mimi, mtu ambaye aliwahi kumcheka alipokuwa anasema kweli. Nilitazama lile neno imara la mwaka 1902, maana daftari ni lilelile.

Nikasema naogopa. Nilisema polepole na hakunisikia. Nikasema tena. Akainamisha kichwa, akaleta sikio mbele na ndewe yake. Ikanibidi nipaze sauti, na hivyo ndivyo Arusha nzima ilivyonisikia, mimi Sefu wa Pangani, nikipiga kelele kwamba naogopa, Loserian, naogopa, fundo la sita limelegea na wewe hukulisikia.

Hakukasirika. Alirudi kwenye fundo la sita, akalishika kwa vidole, akalisukuma, likacheza. Mkono akauacha hapo muda mrefu. Kisha akatazama uso wangu, vile alivyoutazama mara kumi. Nilikuwa nalia na sikujificha.

Akafungua ukanda wake kwa meno. Nilidhani atautupa. Alichukua mkono wangu wa kulia, akaufunga ukanda pale kwa fundo lake lilelile, akakaza. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kofia yangu na kukiacha hapo. Safari hii hakuna aliyecheka, na mimi sikutaka akiondoe.

Fimbo alimpa Simel. Simel ana masikio na hana haraka, kwa kuwa mguu haumruhusu. Miezi hii miwili na zaidi Loserian amekaa naye kila alfajiri, akimwangalia mikono, akimkubalia kwa kichwa.

Kesho yake baada ya kipimo nilipanda. Jukwaa la ghala lilikuwa limegongwa lote, Simel amesema sawa, na Loserian alisimama chini ameweka kiganja kwenye nguzo. Nilipanda taratibu, ngazi baada ya ngazi, na nilipofika paani kichwa kikatoka juu ya ukungu, kisha mabega. Hawakutia chumvi. Jamani, walipunguza. Meru ilikuwa pale, na Kibo kule angani, na dunia yote ya chini imefunikwa. Nilitaka kumwambia. Nikamwita kwa nguvu zangu zote, halafu nikakumbuka.

Basi nikachukua nyundo, nikagonga nguzo mara mbili. Nikangoja. Kutoka chini, ndani ya weupe, kupitia mti ule mpaka kwenye nyayo zangu, yakarudi mapigo mawili.

Loserian, karakana nzima inakushukuru kwa kila aliyeshuka jioni kwa miguu yake mwenyewe. Nenda kwa Nalepo, nenda kwa ng'ombe wako, ulale hadi jua likukute kitandani, na maisha yawe mepesi kwako na kwa wajukuu. Ukiwa huko juu ya Ngaramtoni asubuhi za ukungu, weka kiganja chako kwenye nguzo ya nyumba yako. Sisi huku tutakuwa tunagonga.

Sere, kama mnavyoagana kwenu, mzee wetu. Shikamoo.